Kihongwe Badala ya Ndama

Mimi si mtu wa kukaa. Mama yangu anasema nilizaliwa na miguu inayowasha, na huenda ni kweli, maana nilizaliwa kambini Tanzania, mahali ambapo kila mwaka tuliambiwa mwaka huu ndio wa mwisho. Tuliporudi Burundi nchi ilikuwa imetulia, na wengi wa rika langu walikwenda moja kwa moja milimani, yaani vijijini kwa wazazi wao, wakashika majembe. Mimi nilimshawishi mama tubaki kwanza Muyinga mjini. Nilimwambia ni kwa ajili ya biashara. Ukweli ni kwamba nilitaka kuwa karibu na mpaka, nisikie malori yakienda kule nilikotoka.

Tulipanga chumba uani kwa fundi cherehani mmoja, Mwislamu, mtu wa maneno machache aliyeoa mwanamke wa maneno mengi. Mama alisaidia kushona vifungo. Mimi kila asubuhi nilipanda gari kwenda Kobero, mpakani, nikauza chai na maandazi kwa madereva. Kobero palinifaa. Wabadilishaji fedha wanazunguka na maburungutu mikononi, wapagazi wanavuka na kurudi, madereva wanasubiri karatasi zao huku wanalaani. Hakuna anayekaa pale, kwa hiyo hakuna anayekuuliza mbona hukai.

Huko ndiko nilikomkuta punda. Alikuwa nyuma ya malori, kando ya mtaro, jike la kijivu lililokwisha kabisa. Alikuwa mali ya mchuuzi aliyevusha magunia kutoka Kabanga, upande wa Tanzania. Mgongo ulikuwa umechunika, kidonda kinanuka, mguu mmoja wa nyuma umevimba hata anachechemea. Kwetu punda ni adimu, basi watu walikuwa wamemzunguka kama sinema, na wengine wanamrushia maganda ya ndizi waone kama ataruka. Hakuruka. Nikapandwa na hasira, na hasira zangu hazijui kupanga foleni. Nilimfuata mwenye punda nikamwambia maneno ambayo mama akiyasoma hapa atanichapa hata leo.

Yule mtu hakukasirika. Alimvua punda kamba, akaikunja vizuri, akaitia kwapani. Akasema kama ninalitaka niliondoe, yeye amechoka nalo. Ndivyo nilivyorudi Muyinga kwa miguu, nikimvuta punda kwa kanga yangu. Safari ninayoifanya kwa gari nikiwa bado nasinzia ilituchukua mchana kutwa na asubuhi ya pili yake, na chai yangu yote nilikuwa nimeiacha kwenye meza Kobero.

Nilitegemea mama atang'aka. Badala yake alinikalisha akaanza kunihoji. Yule mtu alisema amekupa? Mlikunywa kitu pamoja? Alikupa na kamba yake? Nikamwambia kamba kaondoka nayo, na alichosema ni kwamba nimtolee uchafu wake. Mama akashusha pumzi.

"Basi hatudaiwi," akasema.

Nilidhani ni maneno ya uzee tu. Nilikuwa na kidonda cha kuosha.

Tulikiosha kwa maji ya chumvi, tukakipaka asali, tukakifunika kwa vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye mashine ya fundi. Punda akawa anatembea uani na mgongo wenye maua kuliko bibi harusi. Mguu ukapungua uvimbe. Akaanza kula, akala maganda ya viazi, majani ya mihogo yaliyokauka, akala na ufagio wa mke wa fundi. Tumbo likapanuka. Nilijisifu mtaa mzima kwamba ni matunzo yangu. Mke wa fundi alikuwa akinitazama tu na kucheka, na siku moja akaniuliza kama kweli nilikua au niliokotwa jana, kwa sababu tumbo lile halikuwa la majani.

Alizaa asubuhi, watu wametoka kuswali, jua bado halijapanda juu ya paa. Mke wa fundi ndiye aliyepiga ukelele dirishani kwangu. "We dada, toka! Punda iko na kamguu kanatoka." Nilipofika uani viguu vilikuwa viwili, na juu yake pua. Kisha mtoto mzima akateleza chini, amelowa, kichwa chote masikio. Jike. Kwato zake zilikuwa laini, zimefunikwa na kitu mithili ya ulimi, hata nikadhani ni mgonjwa. Nilimfuta kwa vitambaa vya fundi mpaka fundi mwenyewe akanionya kwamba kile cha mwisho kilikuwa suruali ya mtu.

Kihongwe alisimama, akaanguka, akasimama. Kila alipoingiza pua chini ya mama yake, mama alimsukuma kwa goti. Chuchu zilikuwa zimejaa na kukaza, na nadhani zilimuuma. Jua likapanda, mtoto bado hajanyonya, na niliona masikio yake yanaanza kulegea. Niliogopa. Sikumbuki kuogopa hivyo hata siku tuliyovuka mpaka kurudi. Mama akachemsha maji, tukamkanda punda kwa kitambaa cha moto, mimi nimeegemeza paji langu kwenye ubavu wake, namwambia kwa Kiswahili changu chote cha kambini kwamba asifanye ujinga. Maziwa yakatoka kwenye vidole vyangu. Nilipomsogeza mtoto, punda akatulia, akaangalia ukutani kama mtu anayechomwa sindano, akamwacha anyonye.

Toka siku hiyo sikwenda Kobero kwa wiki nzima, na sikujishangaa hata kidogo. Nilikaa uani namtazama mnyama anayekimbia bila kujua anakokwenda. Alikimbia mpaka ukutani, akageuka, akakimbia mpaka ukuta wa pili. Nilimwelewa vizuri sana. Tena alikuwa amenizidi kitu kimoja: mama yake alitoka ng'ambo ya mpaka, lakini yeye alikuwa amezaliwa hapa.

Kihongwe alipoanza kung'ata majani, mama alisema wakati umefika wa kwenda kwetu. Kwetu maana yake ni Bugendana, mkoa wa Gitega, mlima ambao nilikuwa nimeusikia maisha yangu yote na sikuwa nimeuona. Nilikubali kwa sababu moja, nayo ni vita vya kugombea shamba. Pale Kobero nilikuwa nimesikia hadithi za kila aliyerudi: shamba limechukuliwa, nyumba ina watu, jirani anakana hata jina lako. Nilikwenda Bugendana nimekunja ngumi. Tulitembea na punda wawili, tukilala kwa watu wa kanisa la mama njiani, na kila kilomita nilikuwa nafanya mazoezi ya matusi kwa Kirundi.

Hakukuwa na vita. Shamba letu lilikuwepo, kutoka barabarani mpaka bondeni, limezungushiwa ua wa minyaa uliokatwa vizuri. Jirani wa ng'ambo ya ua, mjane wa umri wa mama, mrefu, mkavu, alikuwa amelima lake hadi mpakani na hakuvuka hata kwa mche mmoja wa mgomba. Watu walituambia kwamba miaka yote hiyo ndiye aliyekuwa akifukuza wenye tamaa. Nilitaka kwenda kumshukuru. Mama akanishika mkono akasema baadaye.

Baadaye hiyo haikuja. Tulijenga nyumba, tukapanda maharage, tukayavuna, na mama na yule mjane walikuwa wakisalimiana njiani bila kusimama. Mama akimwona anakuja kisimani, anakumbuka kitu alichosahau nyumbani. Alilala amejifunga kitambaa kichwani, viatu karibu na mlango, akiamka kwa kila mbwa aliyebweka. Nilidhani ni mazoea ya kambini. Mimi mwenyewe nilikuwa na mfuko wangu wa shangazi kaja chini ya kitanda, nguo zimekunjwa ndani, na sikuwahi kuufungua zaidi ya kuchukua nguo na kuzirudisha.

Kilichonishikilia ni kihongwe. Mlimani watu hawakuwa wamezoea punda, na Jumapili walikuja baada ya ibada kutazama. Walituita watu wa indogoba, yaani punda kwa Kirundi. Waliuliza kama analiwa, kama anakamuliwa, kama ni kweli analia hivyo au ameumia. Mvua za kule ni za kweli, na manyoya ya punda hayajui kujikinga, basi nilimjengea kibanda cha majani ya migomba na kila wingu likitanda nilikimbia shambani nikimwita. Nilimfundisha kufuata kamba. Nilimfundisha kubeba vikapu vitupu, kisha kikapu chenye maharage kidogo, na niliapa mgongo wake hautachunika kamwe. Alipoacha kunyonya alilia kwa siku kadhaa, nami nikalala naye kibandani.

Mama alikuwa anasubiri. Alisubiri mpaka kihongwe akawa anakula mwenyewe na kutembea mwenyewe, ndipo asubuhi moja, tukichambua maharage, akaniambia kwamba mnyama yule anakwenda kwa jirani.

Nikacheka. Kisha nikaona hacheki.

Ndipo nikaambiwa jambo ambalo mlima mzima ulikuwa unalijua isipokuwa mimi. Kwetu mtu akikupa ng'ombe hajakupa ng'ombe tu, amekufunga kwake. Wanaita ubugabire. Ng'ombe akizaa, unachukua ndama, unabeba mtungi wa pombe ya ndizi, unakwenda mbele ya watu na kumrudishia aliyekupa, na kuanzia hapo ninyi ni watu wa nyumba moja. Marehemu mume wa yule mjane alikuwa amempa marehemu baba ng'ombe. Ng'ombe alizaa. Ndama alikua, siku ya kumpeleka ilikubaliwa, ndizi zilikuwa tayari shimoni zinaiva kwa ajili ya pombe. Kabla ya siku hiyo vita vikafika mlimani, na wazazi wangu wakakimbia wakiwa na ng'ombe na ndama.

"Ng'ombe alikufa njiani," mama akasema. "Ndama tulimbadilisha kwa unga. Unga ule niliula nikiwa na mimba yako."

Aliendelea kuchambua maharage. Alisema mjane yule hajamdai, hajamtumia mtu, ametunza ua wetu miaka yote, na ndiyo sababu hawezi kumtazama usoni. Angekuwa mwizi wa shamba, wangegombana na kumaliza. Ng'ombe hatuna na hatutakuwa naye karibuni. Mnyama tuliye naye ni huyu.

Nilisema maneno mengi na sijivunii hata moja. Nilisema punda nilimwokota mimi, kihongwe nimemlea mimi, na deni la watu waliokufa halinihusu. Nikasema hata mlima utatucheka, nani amewahi kulipa ndama kwa punda. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema hatampeleka bila mimi kushika kamba. Kama sitaki, basi, atakufa na deni lake hivyo hivyo.

Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angemchukua kwa nguvu ningejua la kufanya. Nikavuta mfuko wangu chini ya kitanda, nikapanda gari la kwanza kwenda Gitega mjini, na kutoka hapo Muyinga.

Kwa fundi walinipokea vizuri, chumba chetu kilikuwa bado hakijapata mtu. Nikarudi Kobero na birika langu. Malori yalikuwa yale yale, matusi yale yale. Dereva mmoja wa Tanzania aliyekuwa akinifahamu aliniuliza nilikuwa wapi, nikamwambia nyumbani, na nilipolisema neno hilo nilijishtukia. Jioni, uani, mke wa fundi aliuliza habari za kihongwe. Nilimweleza yote, nikitegemea atakuwa upande wangu, maana alimpenda yule mnyama. Aliketi karibu nami kwanza. Kisha akasema, "Mama yako iko anaona haya kwa mtu mwenye amemfanyia vizuri. Hiyo haya ni mbaya sana, we. Haiishagi."

Nilivumilia pale siku chache zaidi kwa kiburi tu. Niliporudi Bugendana, kihongwe alinisikia kabla hajaniona, akalia kwa sauti yake mbovu ile, nikakaa chini barabarani nikalia na mimi. Niliingia ndani nikamwambia mama apike pombe yake.

Ilikuwa Jumamosi. Mama alitangulia na mtungi kichwani, mimi nyuma na kamba, na nyuma yangu majirani waliokuja kushuhudia na waliokuja kucheka. Waliokuja kucheka walikuwa wengi. Mjane alikuwa amekaa mlangoni, ameshapata habari, amevaa kitenge chake cha kanisani. Mama akatua mtungi, akasema aliyokuja kusema. Alisema jina la baba na jina la mume wa mjane, alisema rangi ya ng'ombe, alisema ndama alikuwa na alama nyeupe kwenye paji. Alisema ndama huyo alikokwenda. Sauti yake haikutetemeka mpaka alipofika kwenye unga.

Mjane akasimama, akamzunguka kihongwe polepole. Akamwangalia meno, akamshika sikio. Akauliza kwa sauti kavu huyu wa kwake atatoa siagi ya namna gani, na watu wakaangua kicheko, na mimi nikahisi damu inanipanda, nikakaza kamba niondoke naye. Lakini mjane hakuwa anacheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila yeye kuyafuta. Akanyoosha mkono nikampa kamba, akaenda akamfunga kwenye mti wa uani, pale ambapo nadhani ndama angefungwa. Kisha akaleta mirija miwili.

Mama ni mlokole. Aliacha pombe kambini, mbele ya kanisa zima, na amewahubiria walevi wengi. Siku ile aliinama juu ya mtungi, akaweka mrija mdomoni, na wakanywa yeye na mjane vichwa vikigusana. Usiku ule hakuweka viatu mlangoni. Alilala hadi jua likamkuta, nami nikasimama kando ya kitanda nikisikiliza pumzi yake, sikujua kama nifurahi au niogope.

Siku zilizofuata zilikuwa za mama. Alikwenda kwa jirani na jirani akaja kwetu, wakiongea kana kwamba wana miaka ishirini ya kufidia, na kweli walikuwa nayo. Kihongwe alilia ng'ambo ya ua, mama yake akamjibu upande huu, na mimi nikiwa katikati na jembe, nikitaka kuziba masikio. Niliona jambo wazi na liliniuma. Mama alikuwa amefika nyumbani kwa sababu kulikuwa na mtu anayemdai. Mimi hakuna aliyenidai kitu mlima mzima. Nilikuwa nimelipa deni la watu wengine kwa kitu pekee kilichokuwa changu, na sasa hata kibanda kilikuwa kitupu.

Nilimwambia mama ninarudi Muyinga. Hakunizuia. Alinifungia maharage kwenye kitambaa, akanibariki, akaenda shambani ili asinione nikiondoka. Nikabeba mfuko wangu wa shangazi kaja nikashuka na njia.

Mjane alikuwa amesimama pale ua wa minyaa unapokutana na barabara, kihongwe amemshika kwa kamba. Nikajua mama amemwambia. Nilimwamkia kwa Kirundi changu ambacho kila mtu mlimani anakichekea. Yeye akanijibu kwa Kiswahili, kile alichojifunzia sokoni Gitega akiuzia ndizi Waswahili, na nadhani alifanya makusudi ili nisije kusingizia kwamba sikuelewa.

"Huyu iko yako," akasema. "Si ya mama yako. Mi nakupa we."

Nikasema sitaki kurudishiwa, tulitoa kwa moyo. Akatikisa kichwa bila subira, kama mtu anayemweleza mjinga.

"Sikurudishii. Nakupa. Mtoto ya kwanza utaniletea mi, na pombe, na watu waone."

Nilisimama na mfuko wangu. Nilikuwa nimesikia watu wakisema kwamba ubugabire si mambo ya msichana, tena asiye na mume, tena wa Tanzania. Nilijua pia ananifanyia nini, hakuwa ananificha. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na furaha kubwa. Nikamwambia huyu bado mtoto, hata miaka miwili hana, na punda hubeba mimba mwaka mzima, na mlimani hakuna dume, itabidi kulitafuta hata Tanzania. Itachukua miaka.

"Mi sina haraka," akasema, akanyoosha kamba.

Kihongwe alikuwa ameshaanza kuvuta kuelekea nyumbani. Ana nguvu yule, hashikiki kwa mkono mmoja. Nikaweka mfuko chini.